Siku Nilipoitoa Nchi Kwenye Jumuiya

Tangazo kwa wananchi wote. Mamlaka husika inapenda kuwatangazia kwamba, baada ya tafakuri ndefu na kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, nchi yetu imejitoa rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aidha, kila mfugaji anaagizwa kumrejesha upande wa pili wa mpaka ng'ombe yeyote mwenye asili ya huko, kabla ya Jumapili. Atakayekaidi, ng'ombe huyo atakamatwa na kupigwa mnada.

Mamlaka husika ilikuwa imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya zizi la ndama la babu yangu kule Malambo, imejifunika shuka ya bibi kichwani pamoja na simu ili sauti itoke nzito. Mamlaka husika ilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na ilikuwa likizo. Ng'ombe wetu mweupe, Naibor, alikuwa pembeni akijikuna shingo kwenye miti ya ua, na nililazimika kumsukuma asiitafune shuka wakati natangaza mustakabali wa taifa.

Jina langu ni Nosim. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni mjini Karatu, ambako natambulika kwa mchango wangu katika sanaa ya kuigiza sauti za watu. Ni mimi niliyetangaza, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba mtihani wa hesabu umeahirishwa, na bweni zima likarudi kulala. Adhabu yake ilikuwa kufyeka nyasi. Nilifyeka kwa heshima na taadhima.

Muhula ule tulikuwa na mdahalo: nchi yetu ijitoe katika Jumuiya. Mimi nilipangwa upande wa kujitoa, rafiki yangu Laurencia upande wa kubaki. Laurencia anatoka Rhotia, na suala hili kwao liko mezani kila siku pamoja na maharage. Baba yake, mzee Hhando, anataka tujitoe kwa sababu madalali wa nje ndio wanaompangia bei shambani. Mama yake anataka tubaki kwa sababu hao hao ndio wanaonunua.

"Baba anasema nchi ijitoe," Laurencia aliniambia, "mama anasema baba ndiye ajitoe."

Yeye alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa na sauti. Nilishinda. Wasichana walinibeba mpaka bwalo la chakula, na hapo ndipo, nadhani, nilipoanza kuamini kwamba sauti inatosha.

Nilipofika nyumbani likizo, nikakuta mabishano yamenitangulia. Kaka Lekoko, mtoto wa baba mkubwa, anaendesha bodaboda, na akiwa hana abiria anaendesha siasa. Alikuwa kwenye kundi la simu la wafugaji wa kata yetu, akiandika tangu asubuhi kwamba tujitoe, na kwamba yeye ana mtu wake mjini, siku likitokea jambo atakuwa wa kwanza kujua. Nilimhurumia. Mtu amesubiri habari namna ile, ni ukatili kutompelekea.

Basi nikarekodi, nikamtumia Laurencia, naye akamtumia Lekoko kwa namba asiyoijua, bila salamu, kama serikali inavyofanya. Kipande cha ng'ombe sikukipanga. Tangazo lisilo na neno "aidha" halifanani na tangazo, na nilipofika kwenye "aidha" ilibidi niweke kitu.

Nilitaka kuiona sura yake tu. Jioni ile ningemwambia, tungecheka, angenikimbiza kuzunguka boma. Lakini Lekoko hakunionyesha sura. Aliiweka sauti yangu kwenye kundi, kundi likaisambaza, na kufikia jioni nikarudishiwa mwenyewe na mwanafunzi mwenzangu wa Olbalbal, akiniuliza kama nimesikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Nilikwenda na babu. Mnada wetu kwa kawaida ni vumbi, mbuzi, na watu wanaojifanya hawana haja ya kuuza. Siku ile Lekoko alikuwa amesimama juu ya gari la kubebea mifugo.

"Niliwaambia," alisema. "Sasa wale wa kuja kutupangia bei wabaki kwao. Ng'ombe wetu, bei yetu."

"Bei ya kumuuzia nani?" aliuliza mama mmoja aliyeshika kamba ya mbuzi wake. "Utanunua wewe, Lekoko? Uza kwanza hiyo pikipiki isiyo na breki."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

"Mama, usitetee wageni," alisema Lekoko.

"Mgeni gani? Binti yangu ameolewa huko Narok. Mjukuu wangu ni mgeni?"

"Akija na pasi atakaribishwa."

"Pasi ya kuja kuamkia bibi yake? Wewe ulipozaliwa ulionyesha pasi?"

Mzee mmoja akaingilia. "Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wetu tuliwapeleka wapi? Tuliwapeleka Dodoma?"

"Na wao wakileta wa kwao huku wanamaliza nyasi," kijana mwingine akajibu. "Hilo hulisemi, mzee."

"Nalisema. Wanamaliza nyasi, na sisi tunamaliza za kwao. Ndiyo ujirani huo."

Mwenyekiti wa kijiji aliinua mikono na kusema yeye hajapokea taarifa yoyote kutoka popote.

"Ndiyo maana wamepitisha kwenye simu," mtu akamwambia kutoka nyuma. "Ungepewa wewe ungeikalia."

Nilikuwa bado natabasamu. Kisha nikaona wanunuzi waliotoka upande wa pili wanakunja kamba zao. Hawakugombana na mtu. Walipanda gari lao wakaondoka kabla mnada haujachangamka, na mbuzi wa yule mama wakabaki kwenye kamba. Aliyekuwa na shida ya kuuza siku ile akamgeukia aliyekuwa anashangilia, maneno yakaisha, fimbo zikainuka. Wanaume wawili wanaochota maji kwenye kisima kimoja walitenganishwa na watu, mmoja mdomo unavuja damu, shuka ya mwenzake imechanika mpaka kiunoni.

Gari alilohutubia Lekoko lilikuwa pale pale, na mwenyewe alikuwa ameshashuka. Ningeweza kupanda nikasema. Badala yake nilinunua soda nikainywa polepole, nikijiambia kwamba watu wazima wakitaka kugombana hawanihitaji mimi.

Babu yangu Senteu si mtu wa kusema mbele ya watu. Aliegemea fimbo yake, akasikiliza pande zote, na tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu: Jumapili ni lini.

Hapa inabidi nieleze kuhusu Paashe.

Kwetu, mwanamume akikupa mtamba, si kwa kuuza wala kukopesha bali kwa mapenzi, majina yenu mnayaweka kando. Unamwita Paashe, naye anakuita Paashe, mpaka mmoja wenu afe. Babu ana Paashe wake upande wa pili wa mpaka, mbele ya Loliondo. Walikuwa morani wa rika moja, na mwaka babu alipopoteza ng'ombe wake wote kwa ugonjwa, mtu yule alivuka na mtamba mweupe, akiwa ameshamvalisha kengele aliyomwagiza mhunzi aifue kwa chuma cha springi ya lori. Zizi letu lote lilianza upya na mtamba yule. Naibor ni mjukuu wake na ndiye anayevaa kengele ile sasa. Mimi nilikua nikidhani mzee yule alibatizwa Paashe. Nilikuwa darasa la tano niliposikia kwamba anaitwa Sairowua.

Jioni ile babu alikaa kwenye kigoda chake mlangoni kwa bibi yangu, Nalotuesha, ambaye sote tunamwita koko.

"Naibor atarudi kwao," alisema babu.

Koko alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Hakuinua uso. "Kwao ni wapi? Amezaliwa hapa. Mimi ndiye niliyemvuta miguu."

"Bibi yake alitoka kwa Paashe. Wamesema wenye asili ya huko."

"Na ndama wake? Na wale wengine wote?"

"Wale nitaeleza. Kila mtu anajua Naibor ni wa nani. Wakija watamkamata yeye kwanza, wamuuze mnadani kama ng'ombe wa mwizi. Ng'ombe wa Paashe auzwe kwenye vumbi na mimi nikitazama?"

"Ukimrudisha, utamwita nani Paashe?"

Nilielewa hapo, na naapa ndipo nilipoelewa. Ng'ombe wa jina harudishwi. Anaweza kufa, anaweza kuzaa, anaweza kuchinjwa siku ya harusi. Kumrudisha kwa mwenyewe ni kumwambia: mimi na wewe tumemalizana. Babu alitaka kumlinda ng'ombe wa rafiki yake, na njia pekee aliyoiona ilikuwa ile ile ambayo mtu huitumia kumkana rafiki.

"Babu," nilisema, "labda tangazo lile ni la uongo."

Alinigeukia kwa matumaini. Nilitamani asingeonyesha matumaini. "Wewe umesoma," alisema. "Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Mimi nimesimuliwa tu. Wale wote waliokuwa mnadani wana hasira, sina wa kumwamini. Sauti ile ni ya serikali?"

Nataka ieleweke kwamba nilifungua mdomo kusema ukweli. Ukweli ulifika kwenye meno. Lakini niliwaza mdomo wa yule mtu unavuja damu, nikawaza mwenyekiti, polisi, shule, mama yangu anayepika kwenye hoteli ya watalii Karatu ili mimi nipate hiyo shule, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko zote nilizowahi kuiga.

"Inafanana," nilisema.

Babu akaitikia kwa kichwa. "Basi."

"Mpigie simu kwanza," koko alisema.

"Mambo ya ng'ombe hayasemwi kwenye simu."

Lekoko ndiye aliyetumwa kumswaga Naibor, kwa kuwa ana miguu mirefu na alikuwa na furaha ya kulitumikia taifa. Babu alimpa maneno ya kusema: kwamba Paashe asione vibaya, kwamba ni amri, kwamba ikipita atamfuata mwenyewe. Wakatoka na jua la asubuhi kupitia nyuma ya zizi. Nilisikia kengele ikienda kaskazini. Kengele ile ina ufa, inagonga mara mbili kisha inakwaruza, kama mtu anayetaka kukohoa mbele ya wageni. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza, kwa sababu tangu nizaliwe haijawahi kunyamaza.

Siku zile boma lilikuwa la ajabu. Ndama wa Naibor alilia mpaka akakauka sauti. Koko alikamua wengine, akanipa chai yangu bila neno. Jumapili ilifika na ikapita. Hakuna askari aliyekuja, redio ilisoma habari za mvua na mpira, na mwenyekiti alizunguka akisema amepiga simu wilayani na huko wamemcheka. Kwenye kundi la wafugaji watu walianza kusema ni uzushi. Wengine wakasema kinachosemwa uzushi leo kitakuwa kweli kesho. Wakaendelea kutukanana kama kawaida, tofauti ni kwamba sasa wale wawili wa kisimani wanachota maji kwa zamu ili wasikutane.

Lekoko alirudi amechoka, hana hotuba.

"Alisemaje?" babu aliuliza.

"Hakusema."

"Ulimwambia maneno yangu?"

"Nilimwambia. Nilimwambia na habari ya Jumuiya, nikamweleza faida zake." Akajikuna shingo. "Alimtazama ng'ombe muda mrefu. Halafu akaingia ndani. Sikupewa maziwa, babu. Wala maji."

Babu aliinuka akaenda kukaa peke yake kwenye kivuli cha ua. Nilimfuata na kikombe cha chai, akakipokea, akakiweka chini, na alipoondoka kilikuwa kimejaa inzi. Nilipanga kumwambia kesho. Kesho yake nilipanga tena. Nina kipaji cha kupanga.

Ilikuwa ni asubuhi, mimi nafagia, niliposikia kengele ikigonga mara mbili kisha ikakwaruza. Ndama alisikia kabla yangu. Aliruka kamba akakimbia. Nje ya ua alikuwa amesimama Naibor, miguu imejaa vumbi jeupe, na nyuma yake mzee mrefu ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na utando. Alikuwa ametembea na ng'ombe njia yote ile, kwa umri wake.

Nilikimbia nikainamisha kichwa mbele yake, kama tunavyowaamkia wazee. Aliniwekea kiganja utosini. Mkono ulikuwa mwepesi.

"Karibu ndani," koko alisema kutoka mlangoni. "Paashe wetu, karibu."

"Nitasimama hapa." Kisha akaita, si kwa nguvu: "Senteu."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Babu alitoka. Alisimama upande wa ndani wa ua, na mwenzake upande wa nje, na lango lilikuwa wazi katikati yao.

"Nimemleta ng'ombe wako," alisema Sairowua. "Kama humtaki, mchinje. Mimi siwezi kupokea nilichokitoa."

"Ilikuwa amri," babu alisema.

"Ya nani?"

"Ya serikali. Ilitangazwa."

"Kwetu haikutangazwa. Kwetu nchi yenu bado imo." Akamtazama Lekoko aliyekuwa anatokea na mswaki mdomoni. "Huyu alinihutubia mpaka masikio yakauma. Sasa nataka kulisikia hilo tangazo lenyewe. Nataka kusikia sauti ya mtu aliyeweza kunitenga na Senteu."

"Mzee, imeshajulikana ni uzushi," Lekoko alisema.

"Liwashe."

Lekoko akatoa simu, akaishika kwa mkono ulionyooka juu ya lango. Wote tukasikiliza, babu kwa mara ya kwanza, na mimi nikashika ufagio kwa mikono yote. Tangazo kwa wananchi wote. Sauti ilikuwa nzuri, lazima nikiri. Ilikuwa nzito na yenye huzuni ya kitaifa. Ilipita kwenye tafakuri, ikapita kwenye maslahi mapana, ikafika kwenye aidha.

Sairowua akainua kidole. "Rudisha hapo."

Lekoko akarudisha. Aidha, ilisema mamlaka husika, na nyuma yake, kwa mbali, chuma kikagonga mara mbili kisha kikakwaruza.

Naibor alikuwa ananyonyesha ndama wake. Akageuza kichwa kumlamba, na kengele shingoni mwake ikajibu: mara mbili, na mkwaruzo.

Walikuwa wameisikiliza sauti ile watu wa kata nzima, na kila mmoja alisikiliza maneno, kwa sababu kila mmoja alitaka kujua kama ameshinda au ameshindwa. Hawa wazee wawili hawakuhitaji kuambiwa kengele ile ni ya nani.

"Hiyo serikali," Sairowua alisema taratibu, "inamfuga ng'ombe huyu?"

Lekoko aliitazama simu, kisha akamtazama koko. Koko alinitazama mimi. "Ni nani anayekaa kwenye ndoo nyuma ya zizi akiongea na simu?" aliuliza, ingawa hakuuliza kweli.

Nilitaka kuanza kwa sauti ya mzaha, ndiyo niliyoizoea. Nilisema, "Napenda kutangaza kwamba—" na sauti ikakatika pale pale. Nikaangusha ufagio. "Ni mimi. Nilitaka kumchezea kaka Lekoko. Sikujua litafika mnadani."

Hakuna aliyenipiga. Lekoko alikaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyeishiwa mafuta. Babu hakunigeukia, alikuwa anamtazama rafiki yake, na usoni mwake nikaona kitu kinafunguka, kama mtu anayesubiri kuambiwa sasa yamekwisha.

Sairowua alitikisa kichwa. "Huyu ni mtoto," alisema. "Watoto wanacheza. Lango la kumtoa ng'ombe huyu hakulifungua yeye, Senteu. Ulilifungua wewe. Mtu mmoja kwenye simu alisema tutengane, na wewe hukutaka hata kuja kuniuliza."

Babu angeweza kujitetea. Alikuwa na utetezi mzuri kuliko wote, nilikuwa nimesimama nao hapo hapo mbele ya lango, na niliona ameamua hatautumia. Aliinamisha kichwa mbele ya mtu wa rika lake kama ninavyoinamisha mimi.

"Aliuliza," nilisema.

Sairowua akanigeuzia jicho lake zima.

"Alikuwa hajalisikia. Hakuwa na wa kumwamini, akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Aliniuliza kama sauti ile ni ya serikali." Nilikuwa nalia na sikuwa na shuka ya kujifunikia. "Nilijua ni yangu. Nikaogopa. Nikamwambia inafanana."